Kirusi cha homa ya ini B kinabadilika: je, chanjo ya mwanao bado inafaa?

Kama wewe ni mama mjamzito na umeambiwa kliniki kwamba una homa ya ini B, huenda swali hili limeshakujia. Umesikia kwamba virusi hubadilika. Uliona wakati wa Korona: kila baada ya miezi michache likatajwa jina jipya la kirusi, na watu wakaulizana kama chanjo ya mwanzo bado inafanya kazi. Chanjo ya homa ya ini B ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pengine ulikuwa hujazaliwa. Sasa kama kirusi chenyewe kimekuwa kikibadilika miaka yote hiyo, kuna haja gani ya kumchoma mtoto wa siku moja sindano ya zamani namna hiyo?

Ni swali zuri, na halistahili kujibiwa kwa "wewe chanja tu, mama". Jibu fupi ni kwamba ndiyo, chanjo inafaa. Kirusi cha B kinabadilika kweli, na aina zake huchanganyika zenyewe kwa zenyewe, lakini umbile lake halikiruhusu kwenda mbali. Kinachowaponza watoto wengi si mabadiliko ya kirusi. Ni chanjo kuchelewa. Jibu refu ndilo linalofuata, nalo lina faida yake, kwa sababu ukijua kirusi kinavyobadilika utaelewa pia kwa nini nesi anasisitiza saa 24 za kwanza na kwa nini hutakiwi kuacha dawa ghafla.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Homa ya ini siyo homa ya manjano. Homa ya manjano inaenezwa na mbu, na ndiyo ile ambayo wasafiri huchanjwa wakapewa kadi ya njano. Anayeumwa ini naye anaweza kuwa na macho ya manjano, ndiyo maana majina haya huchanganywa hata na watu wenye elimu yao. Chanjo ya moja haikingi nyingine.

Kirusi hujinakili, na hukosea

Kirusi ni kitu kidogo mno: ganda kwa nje, na ndani yake maelekezo ya kutengeneza virusi vingine kama hicho. Maelekezo hayo ndiyo vinasaba vyake. Yameandikwa kwa "herufi" nne tu zinazorudiwarudiwa kwa mpangilio maalumu. Vinasaba vya binadamu vina herufi zipatazo bilioni 3. Vya kirusi cha homa ya ini B ni takriban 3,200. Ungeviandika kwa mkono kwenye daftari la shule, vingemalizika ndani ya kurasa tatu.

Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Kinaingia kwenye seli ya ini na kuilazimisha seli hiyo iyanakili maelekezo yake. Kwa mtu mwenye virusi vingi, ini linaweza kutoa mabilioni ya virusi vipya kwa siku moja. Kazi ya kunakili inafanywa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, ambacho kina kasoro moja kubwa: hakirudi nyuma kusoma kilichoandika. Mwanafunzi anayenakili ubaoni mbio mbio bila kuhakiki atakosea herufi hapa na pale, nacho hukosea vivyo hivyo.

Makosa mengi yanakiua kirusi au kukidhoofisha. Machache hayana madhara kwake, na machache zaidi yanamsaidia, kwa mfano yale yanayoifanya kinga ya mwili isimtambue upesi. Hayo ndiyo yanayobaki na kurithiwa na vizazi vyake. Kwa njia hiyo, katika maelfu ya miaka, kirusi kimoja kimegawanyika kuwa koo mbalimbali ambazo wataalamu wanaziita jenotaipu. Kwa homa ya ini B zinajulikana kumi, kuanzia A hadi J. Afrika Mashariki tuna A kwa wingi, hasa tawi lake liitwalo A1, na pia D. Afrika Magharibi wana E. Asia ya Mashariki wana B na C.

Kanga mbili, kirusi kimoja

Lakini kukosea herufi moja moja siyo njia pekee. Kuna njia ya pili, ya mkato.

Chukua kanga. Unajua ina pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina lililoandikwa chini. Sasa fikiria kiwandani kuna kanga za miundo miwili zinazochapwa kwenye mashine moja kwa wakati mmoja. Mashine inachapa pindo na mji wa muundo wa kwanza, kisha katikati ya kazi inarukia muundo wa pili na kuchapa jina lake. Inatoka kanga ambayo haijawahi kuonekana dukani. Pindo unalifahamu, jina unalifahamu, ila hujawahi kuyaona pamoja.

Virusi hufanya hivyo pia. Mtu akiwa na jenotaipu mbili za homa ya ini B kwa pamoja, na zote mbili zikaingia kwenye seli moja ya ini, wakati wa kunakiliwa kipande cha moja kinaweza kuungana na kipande cha nyingine. Wataalamu wanaita jambo hilo mchanganyiko upya wa vinasaba. Hutokea zaidi pale ambapo jenotaipu mbili zinaishi katika jamii moja. Niger, kwa mfano, iko mahali ambapo D inayotoka kaskazini inakutana na E ya Afrika Magharibi, na huko wamepatikana watu wenye kirusi kilicho nusu D, nusu E. Tibet kuna mchanganyiko wa C na D. Sehemu kubwa ya virusi vya jenotaipu B vilivyoko Asia bara vimebeba kipande cha C ndani yake.

Na hili halikuanza leo. Mwaka 2018 watafiti walichapisha vinasaba vya homa ya ini B walivyovitoa kwenye mifupa na meno ya watu waliokufa kati ya miaka 800 na 4,500 iliyopita, huko Ulaya na Asia. Walipovilinganisha na virusi vya leo waliona dalili kwamba jenotaipu A yenyewe, hii tuliyonayo kwa wingi, ilitokana na mchanganyiko wa koo mbili za kale. Kwa maneno mengine, "kirusi cha kawaida" cha kwetu ni kanga ya kuungwa tangu zamani.

Safari za watu zimeandikwa humo pia. A1 inapatikana Afrika Mashariki, lakini pia India na Brazili, na watafiti wanahusisha kusambaa huko na biashara ya watumwa. Kinachoshangaza ni E. Ingawa imejaa Afrika Magharibi, haipatikani kwa wingi miongoni mwa wazawa wa Amerika ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka huko huko. Ndiyo maana wengi wanaamini E ilienea Afrika Magharibi baadaye, watu wale wakiwa wameshavushwa bahari.

Hapa kuna jambo la kumwambia yeyote anayekunyooshea kidole. Kwetu sehemu kubwa ya wenye homa ya ini B sugu waliipata utotoni, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au nyumbani wakicheza na kuishi na watoto wenzao. Kukutwa na kirusi ukubwani hakusemi chochote kuhusu tabia yako.

Kwa nini hakiwezi kwenda mbali

Ikiwa kinakosea na tena kinachanganyika, kwa nini kisiwe kama kirusi cha mafua, ambacho chanjo yake hutengenezwa upya kila mwaka?

Jibu liko katika ubahili wake. Kurasa tatu ni chache mno, kwa hiyo kirusi kimebana maandishi. Sehemu kubwa ya herufi zake zinasomwa mara mbili: zikianzia hapa zinatoa maelekezo ya kitu kimoja, zikianzia herufi inayofuata zinatoa maelekezo ya kitu kingine kabisa.

Jaribu kwa neno "kanga". Likisomwa lote, ni vazi. Ukianzia herufi ya pili, unapata "anga". Herufi zile zile, maneno mawili. Sasa badilisha herufi moja tu, ile "a" ya kwanza iwe "i". Neno la kwanza linakuwa "kinga", neno zuri lenye maana. Lakini la pili linakuwa "inga", ambalo si neno. Badiliko lililofaa upande mmoja limeharibu upande wa pili.

Kirusi cha B kinaishi na tatizo hilo siku zote. Maelekezo yote ya ganda lake la nje yamo ndani ya maelekezo ya kile kimeng'enya cha kunakili. Kikijaribu kubadilisha ganda ili kinga ya mwili isikitambue, kinaweza kuvuruga kimeng'enya chake chenyewe na kushindwa kuzaana. Ndiyo maana, pamoja na makosa yote, jenotaipu zote kumi bado zina ganda linalofanana katika sehemu moja muhimu, na sehemu hiyo ndiyo hasa ambayo chanjo humfundisha mtoto kuitambua.

Chanjo inayotengenezwa na hamira

Akina mama wengine wanauliza: je, chanjo haiwezi kuchanganyika na kirusi ndani ya mtoto ikatoa kirusi kipya? Haiwezi. Kirusi na kirusi huchanganyika kwa kubadilishana vinasaba, na chanjo hii haina vinasaba vya kirusi wala kirusi kilicho hai. Tangu mwaka 1986 imekuwa ikitengenezwa kwa hamira. Wanasayansi walichukua maelekezo ya ganda tu, wakayaweka ndani ya hamira, na hamira ikawa inazalisha ganda tupu. Ganda hilo husafishwa, kisha huwekwa kwenye chupa. Kwa hiyo anachopewa mtoto ni koti bila mvaaji, ili kinga yake ijifunze sura ya koti.

Je, kirusi hakijawahi kuikwepa chanjo? Kimewahi, na hatuna sababu ya kuficha. Mwaka 1990 madaktari walieleza habari za mtoto wa Italia aliyezaliwa na mama mwenye homa ya ini B. Alichanjwa vizuri, akapata na kingamwili, lakini akaambukizwa. Walipochunguza kirusi chake walikuta badiliko moja kwenye ganda, mahali panapohesabiwa namba 145, pale pale ambapo kinga hupashika. Dunia ya madaktari iliingiwa na hofu. Kama virusi vya namna hii vingeenea, kazi yote ingekuwa bure.

Hawakuhitaji kukisia, kwa sababu Taiwan walikuwa wameshaanza. Mwaka 1984 walianza kuchanja watoto wachanga wa akina mama wenye kirusi, na baada ya miaka miwili wakachanja watoto wote. Wakati wanaanza, karibu mtoto mmoja kati ya kumi mjini Taipei alikuwa na homa ya ini B. Miaka 15 baadaye ilikuwa chini ya mmoja kati ya mia. Miongoni mwa wale wachache walioambukizwa, virusi vyenye mabadiliko ya ganda vilionekana kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko zamani, jambo ambalo ungelitegemea, maana virusi vya kawaida ndivyo vilivyozuiwa. Lakini havikuenea na kuchukua nafasi. Saratani ya ini kwa watoto ikapungua pia. Gambia nao walianza kuchanja mwaka 1986. Kule jenotaipu ni E, tofauti kabisa na ya Taiwan, na chanjo ikawakinga watoto vilevile.

Kwa hiyo mtu akikuambia "hiyo chanjo ni ya Wazungu, kirusi cha huku ni kingine", ana robo ya ukweli. Kirusi cha huku ni tawi lingine kweli. Mahali ambapo chanjo inakishika ni pale pale.

Aina ya kirusi na wakati wa hatari

Kuna jambo moja ambalo jenotaipu hubadilisha kweli, nalo linakuhusu moja kwa moja: wakati ambao mtoto yuko hatarini zaidi.

Kirusi cha B hutoa protini inayoitwa HBeAg. Huenda umeona jina hilo kwenye majibu ya maabara; usilichanganye na HBsAg, inayoonyesha tu kwamba kirusi kipo. Mama mwenye HBeAg kwa kawaida ana virusi vingi sana kwenye damu. Bila kinga yoyote, watoto 70 hadi 90 kati ya 100 wa akina mama kama hao huambukizwa. Kwa mama asiye na HBeAg, ni 10 hadi 40 kati ya 100.

Watu wenye jenotaipu C, kule Asia, wengi hubaki na HBeAg hadi miaka ya arobaini ya umri wao, yaani katika kipindi chote cha kuzaa. Kule maambukizi ya leba ndiyo njia kuu. Watu wenye A1 yetu, kutokana na mabadiliko madogo ya herufi yaliyomo kwenye tawi hilo, wengi huipoteza HBeAg mapema, kabla ya miaka 30. Ndiyo maana kwetu watoto wengi waliambukizwa si wakati wa kuzaliwa bali baadaye kidogo, kabla ya kuanza shule, kupitia vidonda, mikwaruzo na damu ndogondogo za nyumbani.

Hii ni sababu mojawapo iliyofanya nchi nyingi za Afrika ziridhike kuanza chanjo wiki ya 6, ndani ya ile sindano ya pentavalenti, halafu wiki ya 10 na ya 14. Ilikinga watoto wengi sana. Lakini usisome takwimu hizo ukajifariji. Kumi kati ya mia si sifuri, na akina mama wenye HBeAg wapo hata hapa, hasa walio wadogo kiumri. Na hawa wachache wanaoambukizwa wakizaliwa ndio wanaoumia zaidi: mtoto akipata kirusi katika mwaka wake wa kwanza, uwezekano wa kubaki nacho maisha ni takriban 90 kati ya 100. Akikipata kati ya mwaka mmoja na mitano, ni kama 30. Mtu mzima, chini ya 5. Kirusi ni kile kile. Kinachotofautiana ni ukomavu wa kinga inayokutana nacho.

Tena A1 si ya kubezwa. Tafiti za kusini mwa Afrika zimeihusisha na saratani ya ini inayowapata watu wakiwa bado vijana.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2009, linashauri kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Pentavalenti ya wiki ya 6 haichukui nafasi ya dozi hiyo, na dozi hiyo haichukui nafasi ya pentavalenti. Si kila kituo kinayo. Uliza mapema, mimba ikiwa na miezi sita au saba, kwa sababu ukianza kuuliza ukiwa leba utakuwa umechelewa.

C ni habari nyingine

Usihamishe matumaini haya moja kwa moja kwenda homa ya ini C. Virusi hivi vinaitwa kwa herufi kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, kumbe havina hata undugu. Vimepewa jina kwa sababu ya kiungo vinachoshambulia. Kiukoo, kirusi cha C ni jamaa wa kile cha homa ya manjano. Kina herufi kama 9,600, hakijabanwa kama B, na ganda lake hubadilika upesi kiasi kwamba mpaka leo hakuna chanjo yake.

Mchanganyiko wa vinasaba kwenye C ni nadra zaidi, lakini uliwahi kuwaletea madaktari shida. Mwaka 2002 watafiti walieleza kirusi walichokikuta kwa wagonjwa wa mjini St. Petersburg, Urusi: kipande cha mbele kilikuwa cha jenotaipu 2, cha nyuma cha jenotaipu 1. Kilienea, na Georgia kikawa kimejaa. Kipimo kilichotumika sehemu nyingi kilikuwa kinasoma kipande cha mbele tu. Ni sawa na kuangalia pindo la kanga na kudhani umeshajua jina. Wagonjwa wakaandikiwa dawa za jenotaipu 2, na wengi hawakupona, kwa sababu dawa zilitakiwa kupambana na sehemu ya nyuma. Walipotibiwa kwa dawa za jenotaipu 1 walipona vizuri.

Leo kuna vidonge vinavyofanya kazi kwa jenotaipu zote, kwa kawaida kwa wiki 12, na wengi mno wanapona kabisa. Mama mwenye C humwambukiza takriban mtoto 6 kati ya 100. Ukikutwa nayo ukiwa mjamzito, kwa kawaida matibabu husubiri hadi ujifungue. Zungumza na daktari wako.

A na E huenezwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Kirusi cha A kimebadilika kidogo sana kiasi kwamba aliyewahi kuugua au kuchanjwa amekingwa dhidi ya aina zote za A. E imewahi kukutwa ikiwa imeokota kipande cha kinasaba cha binadamu na kukifanya chake, lakini kwako wewe mjamzito lililo muhimu si hilo. Muhimu ni kwamba E huua wajawazito, hasa miezi mitatu ya mwisho, kama ilivyoonekana kwenye mlipuko wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, ulioanza mwaka 2007. Chemsha maji ya kunywa, na ukiona macho yamekuwa manjano ukiwa na mimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa na usugu

Tukirudi kwenye B. Mama mwenye virusi vingi hupewa dawa iitwayo tenofovir katika miezi ya mwisho ya ujauzito ili kushusha idadi ya virusi kabla ya kujifungua. Hapa mabadiliko ya kirusi yana uzito. Dawa ya zamani, lamivudine, ikitumiwa peke yake, kirusi hujifunza kuikwepa kwa badiliko dogo tu kwenye kimeng'enya chake, na baada ya miaka michache wagonjwa wengi hukutwa na usugu. Kwa tenofovir usugu ni nadra sana.

Kama unaishi na VVU na unatumia kidonge kimoja cha TLD, tayari una tenofovir na lamivudine ndani yake, hivyo kidonge hicho kinatuliza virusi vyote viwili. Mweleze mtoa huduma kwamba una homa ya ini B kabla hajakubadilishia dawa, asije akaondoa tenofovir bila kujua. Na usiache dawa mwenyewe kwa sababu "umejisikia nafuu". Dawa ikisimama ghafla, virusi vinaweza kuongezeka kwa kasi na ini likaumia vibaya ndani ya wiki chache.

Siku ya kujifungua na baada yake

Weka kadi yako juu ya vitu vyote kwenye begi la kujifungulia, na mwambie mkunga kwa mdomo: "Nina homa ya ini B, naomba mtoto apate chanjo leo." Wodi huwa na pilikapilika, kadi haisomwi kila mara. Kama kituo kina sindano ya kingamwili, mtoto huchomwa pamoja na chanjo, kwenye paja lingine. Ikiwa kingamwili haipo, chanjo peke yake bado inamkinga sana, basi usikubali iahirishwe kwa sababu ya kusubiri nyingine.

Mnyonyeshe. Maziwa ya mama hayaenezi homa ya ini B. Ukipata mpasuko wa chuchu unaotoa damu, pumzisha ziwa hilo lipone huku ukiendelea na lingine. Sahani, vikombe, kumbatio na kulala kitanda kimoja havina tatizo. Mswaki, wembe na mkasi wa kucha kila mtu awe na wake. Kumtafunia mtoto chakula kisha kumlisha, kama bibi zetu walivyofanya kwa mapenzi yao, ni bora kuacha. Fizi zikitoka damu hutajua. Baba na watoto wakubwa wapimwe, na wasio na kirusi wachanjwe.

Usimpime mtoto mara tu anapozaliwa, majibu yatakuchanganya. Subiri afikishe miezi 9, akiwa amemaliza dozi zote, kisha omba vipimo viwili: HBsAg, kuona kama ana kirusi, na anti-HBs, kuona kama chanjo imejenga kinga. Kama kituo chenu kina HBsAg peke yake, hiyo inatosha kuanzia. Majibu yaandikwe kwenye kadi ya mtoto, si kwenye karatasi ya pembeni itakayopotea.